Gamalieli alizikwa kwa kitani, sisi tunazikana kwa mikopo

Kwa Mhariri,

Mimi ni seremala. Kwa miaka 22 nimetengeneza majeneza katika kibanda kando ya barabara ya Ngong, na kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha wanangu watatu. Haya nitakayoyasema juu ya gharama za mazishi yakisikilizwa, wa kwanza kupungukiwa ni mimi.

Mwaka jana, asubuhi ya Jumatano, alinijia mzee mmoja akitaka jeneza kabla ya saa nane mchana siku hiyohiyo. Alikuwa na masharti ambayo sikuwahi kuyasikia. Mbao ziwe tupu, bila vanishi. Usitiwe msumari hata mmoja, wala bawaba, wala kishikio cha chuma. Viungo vishikane kwa vigingi vya mti, na pa kushika pawekwe kamba. Ndani nisitandike kitambaa. Halafu nitoboe matundu chini. Nikadhani pesa ni haba, nikampunguzia bei. Akakataa. Alilipa bei niliyoitaja kwanza, akaketi kwenye gogo kunisubiri nikichonga vigingi.

"Na haya matundu ni ya nini, mzee?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa maneno ya Mwanzo: kwa maana u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi. Mwili usizuiliwe kuufikia udongo. Ndipo nikajua kwamba ni Myahudi, wa ile jumuiya ambayo ipo hapa Nairobi tangu 1904. Aliniambia kuwa marehemu angevishwa sanda nyeupe isiyo na mfuko, na kwamba waliomwosha ni watu wa jumuiya yenyewe, bila kulipwa. Kazi hiyo wanaiita wema wa kweli, kwa sababu maiti hana namna ya kukurudishia.

Nilimuuliza kama matajiri wao nao huzikwa hivyo. Akanisimulia habari iliyo katika Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wao wa kale, na tangu siku ile haijanitoka kichwani.

Zamani, alisema, Wayahudi walikuwa kama sisi. Chakula cha kuwapelekea wafiwa, kwa tajiri kilipelekwa katika vikapu vya fedha na dhahabu. Kwa maskini, katika vikapu vya fito. Tajiri alitolewa juu ya kitanda cha fahari, maskini juu ya machela. Uso wa tajiri uliachwa wazi ili watu wauone, na wa maskini ukafunikwa kwa kuwa njaa ya miaka ya ukame ilikuwa imeusawijisha. Maskini wakaona haya. Wakuu wao wakaamuru vikapu vya fito kwa wote, machela kwa wote, kila uso ufunikwe. Hata hivyo gharama za kumzika mtu ziliendelea kuwaumiza jamaa kuliko kifo chenyewe, hadi wengine wakawa wanaiacha maiti na kukimbia. Ndipo Rabi Gamalieli, kiongozi wao mkuu (Wakristo wanalijua jina hilo, ndilo la mwalimu wa Paulo), alipokubali kujishusha, akatolewa kwa sanda ya kitani tu. Watu wote wakamfuata.

Mhariri, nilikuwa na randa mkononi, nikaiweka chini.

Ndugu yangu alifariki 2019. Nilimtengenezea jeneza kwa mikono yangu, mbao za saipresi, nikalisugua kwa msasa hadi likawa laini kama sahani. Kamati ya mazishi ililikataa. Walisema litaiaibisha familia mbele ya wageni. Likanunuliwa kwingine jeneza la vishikio vya rangi ya dhahabu na dirisha la kioo, zikaja hema, vyombo vya muziki, fulana zenye picha yake, na ng'ombe wawili wa kulisha watu. Michango haikutosha. Shemeji yangu akauza ng'ombe wa maziwa aliyekuwa akilipa karo, kisha akakopa kwenye chama. Mkopo ule aliumaliza baada ya miaka miwili na miezi mitatu. Jeneza langu la saipresi nililiuza kwa mtu mwingine, na hadi leo kioo kile kinaniuma. Kilionyesha uso wa ndugu yangu kwa muda wa saa moja.

Wapo watakaosema kwamba sikuhitaji kwenda mbali. Ni kweli. Jirani zangu Waislamu humzika mtu kwa sanda, mara nyingi siku hiyohiyo, na jeneza la msikiti hurudi msikitini kumsubiri mwingine. Lakini sisi wengi tunaoshika Biblia tumeyatazama hayo miaka yote tukasema ni yao. Labda tukiyasikia kutoka kwa watu wa Agano la Kale tutakosa pa kujificha.

Na si jeneza tu. Kwa Wayahudi, mfiwa akitoka makaburini, mlo wa kwanza hapaswi kula chakula chake mwenyewe. Majirani ndio wanaoleta, kwa desturi mayai na dengu. Kwetu mjane anaamka alfajiri kuhesabu sahani za wageni. Kwao, anayekuja kutoa pole haanzi kusema mpaka mfiwa aseme. Anaketi naye kimya. Kwetu mjane anakaa chini ya hema tangu saa tatu asubuhi akisikiliza wanasiasa wakipokezana kipaza sauti juu ya sanduku la mumewe.

Ninachoomba ni kimoja. Habari ya Gamalieli haikuanzia kwa maskini, maana maskini akizikwa kwa kitani watu husema hakuwa na kitu. Ilianzia juu kabisa. Basi nawasihi maaskofu, wabunge, maprofesa na wenye biashara kubwa: andikeni mkiwa hai kwamba mzikwe katika sanduku la mbao tupu, na muwaambie watoto wenu mbele ya mashahidi. Mkizikwa hivyo kumi tu, shemeji wa mtu fulani atabaki na ng'ombe wake.

Mimi nimeshaandika. Katika daftari la wateja, ukurasa wa mwanzo, lipo jina langu: mbao za saipresi, vigingi, kamba, matundu chini, bila kioo. Mwanangu mkubwa ameweka sahihi.

Fundi wa majeneza,
Barabara ya Ngong, Nairobi