Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Karatasi Kwanza, Mtaji Baadaye

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita hapa Kayole, Nairobi, niliwaahidi kwamba fedha nyingi za kikundi chetu cha wakimbizi zitakwenda kwenye mitaji ya biashara. Haikuwa hivyo, na nina wajibu wa kuwaeleza.

Mapema mwaka huu tulimkopesha mama mmoja wa Kivu Kusini, Kongo, fedha za vitenge. Alikuwa akivitembeza begani, nyumba kwa nyumba, mpaka mtaa wa Umoja. Wiki ya tatu mzigo ukachukuliwa barabarani kwa kuwa hakuwa na leseni. Jioni nilimkuta ameketi kitandani na kitenge kimoja kilichosalia: anakikunja, anakikunjua, anakikunja tena. Kosa lilikuwa letu, si lake. Kamati ikaamua kwamba hakuna mkopo utakaotoka kabla ya mwanachama kuwa na karatasi zake.

Tangu hapo kazi yetu kubwa imekuwa kufuatilia: kitambulisho cha mkimbizi, kisha PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, kisha leseni ya kaunti. Kitambulisho kikiisha muda, yote yanayokifuata hukwama. Katibu amepanga foleni na wenzetu tangu alfajiri, siku nyingi, bila malipo. Ahsante sana, ndugu yangu. Mama yule sasa ana meza sokoni na cherehani ya kukanyaga, na deni amelimaliza.

Kwenye ajira tumepiga hatua ndogo. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatupa haki ya kufanya kazi, na kibali cha kazi cha daraja M hakina ada kwa mkimbizi. Lakini ukiomba kibali unatakiwa barua ya mwajiri, na mwajiri naye anasema leta kibali kwanza. Kijana wetu fundi wa umeme amezungushwa hivyo miezi mingi, na mikono yake inajua kazi. Inaniuma. Napendekeza twende kwa waajiri wenyewe, wawili wawili, na nakala ya sheria mkononi.

Wengi mmeniuliza kama mwache hadhi ya ukimbizi. Ni kweli, sheria inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuiacha kwa hiari ili anufaike na mkataba wa Jumuiya, na Kongo yetu iliingia 2022. Nawasihi, mtu asiamue peke yake. Hadhi hiyo ndiyo inayomkinga asirudishwe kwa nguvu alikokimbia, na humu wamo ambao hawana pa kurudi. Muone wakili wa msaada wa kisheria kwanza.

Mpango wa serikali uitwao Shirika, wa kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji, uliozinduliwa Machi 2025, umeelekezwa zaidi kwenye kambi za Kakuma na Dadaab. Sisi wa Nairobi tusikae tukiungoja.

Likelemba yetu, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, au chama kama majirani wanavyoiita, haikusimama hata mwezi mmoja. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Wenye vitambulisho vinavyokaribia kuisha, andikeni majina kwa katibu leo kabla hamjaondoka.