Asilimia 11 za mgombea wako

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi, shoga yangu. Umeuliza kama umwache mgombea wako kwa kuwa utafiti wa maoni umempa asilimia 11, uhamie kwa mwenye nafasi. Usihame bado.

Wengi hudhani tafiti hizi huwavuta watu kwa mkumbo tu, anayeongoza akitangazwa bendera zinafuata upepo. Mkumbo upo, lakini hauna nguvu kama unavyosifiwa, kwa sababu wapo wanaomwonea huruma anayeachwa nyuma, na wafuasi wa anayeongoza nao hubweteka wakabaki nyumbani siku ya kura. Kinachowahamisha watu hasa ni hicho kinachokusumbua wewe: kuogopa kuitupa kura.

Woga huo ukikosekana pia ni hatari. Ufaransa mwaka 2002, tafiti zilimwonyesha Lionel Jospin, waziri mkuu wa mrengo wa kushoto, akivuka kwenda duru ya pili ya uchaguzi wa rais, ambako hubaki wawili wa kwanza tu, basi wengi wa mrengo wa kushoto wakaona duru ya kwanza ni ya kujinafasi, wakazigawa kura zao kwa wagombea wadogo. Wagombea walikuwa 16. Jospin akapata asilimia 16.18, Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia akapata 16.86 na kushika nafasi ya pili, na safari ya Jospin ikaishia hapo. Na woga ukizidi nao huharibu: Ujerumani, katika jimbo la Niedersachsen Januari 2013, chama kidogo cha FDP kilionekana kikining'inia karibu na asilimia 5, ambacho ndicho kizingiti cha kuingia bungeni. Wafuasi wa mshirika wake, chama kikubwa cha CDU, wakakikopesha kura. Walikopesha kupita kiasi: FDP ikafika asilimia 9.9, CDU yenyewe ikashuka, na muungano wao bado ukaikosa serikali kwa kiti kimoja. Kila mmoja alikuwa amepiga hesabu yake vizuri, ila hakujua jirani yake anapiga hesabu ileile.

Sasa tuangalie namba zenyewe. Utafiti wa watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu unaweza kupotoka kwa takriban pointi 3 juu au chini kwa kila mgombea. Wanaosoma habari husahau kwamba pengo kati ya wagombea wawili hupotoka karibu mara mbili ya hapo. Mmoja akiwa na 43 na mwingine 40, neno "anaongoza" halina miguu. Kupunguza kosa hilo kwa nusu kunahitaji watu 4,000, ndiyo maana wachache hujisumbua. Na ukisikia "katika mkoa fulani hali ni hivi", uliza ni wangapi waliohojiwa huko. Wakiwa 100 tu, kosa ni kama pointi 10.

Mchezo ninaouchukia zaidi ni wa wasioamua. Chukua mfano: A ana 36, B 33, C 11, na 20 hawajaamua. Mchapishaji akiwatoa hao 20 na kugawanya upya kwa 80, A anakuwa 45, B 41, C 14. Hakuna hata mtu mmoja aliyebadili mawazo, lakini A sasa anaonekana amebakiza hatua chache afike nusu, na yule mpiga kura mmoja kati ya watano ambaye angeweza kupindua kila kitu amefutwa kwenye picha.

Halafu kuna mpangilio wa maswali. Mtu akihojiwa kwanza kuhusu kashfa ya serikali, kisha akaulizwa atampigia nani, jibu lake tayari limetiwa chumvi.

Ufaransa huzuia kuchapisha matokeo ya tafiti siku moja kabla ya kura na siku yenyewe, Italia huzuia kwa siku 15. Mimi sishabikii marufuku ndefu, maana vyama huendelea kujifanyia tafiti zao, anayebaki gizani ni wewe.

Kwa hiyo, kwa hizo 11 zako: tazama kwanza kama uchaguzi una duru ya pili. Kama hauna, tafuta tafiti tatu au nne za waandaaji tofauti, zilizofanywa ndani ya wiki moja au mbili, uone kama zote zinamweka mbali na wa pili kwa zaidi ya pointi 10. Moja peke yake isikuhamishe. Na hiyo uliyoiona, nitumie nakala nzima, hasa ukurasa wenye maswali, tarehe za mahojiano na jina la aliyelipa.

Wako,
Rehema