Mtoto kagonga meno? Usiseme "si la utotoni tu hilo"

Mara nyingi hapa kliniki ya meno tunaletewa mtoto wa miaka saba nane, jino la mbele limeota na doa la njano au kahawia, au limekuja limepinda, au la kushoto limeshaota zamani na la kulia mpaka leo halionekani, na mzazi anauliza shida ni pipi au dawa ya meno. Tukianza kuuliza ya nyuma unakuta mtoto alishawahi kudondoka akiwa ndo anajifunza kutembea, akagonga mdomo, damu ikatoka kidogo ikakata, yakaisha. Yani pale nyumbani yaliisha, ila kwa jino lililokuwa linatengenezwa ndani ya taya ndo kwanza yalikuwa yanaanza.

Iko hivi. Meno ya ukubwani hayaanzi kutengenezwa siku la utotoni linapong'oka. Yale ya mbele yanaanza kukomaa ndani ya mfupa mtoto akiwa na miezi mitatu minne tu, na kichwa cha jino, ile sehemu nyeupe tutakayokuja kuiona, kinamalizika kwenye miaka minne mitano hivi, baada ya hapo ndo mzizi unarefuka. Na muda wote huo limekaa nyuma ya mzizi wa jino la utotoni, karibu kabisa, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Mfupa wa mtoto bado laini, kwahiyo jino likigongwa, mara nyingi halivunjiki, linalegea au kusogea tu, na mengine yanasukumwa kwenda juu kwenye fizi mpaka unadhani limeng'oka, kumbe limezama. Hilo la kuzama ndo linalotutisha kuliko yote, maana mzizi unaweza kwenda kumpiga mwenzake wa ukubwani moja kwa moja.

Madhara yanategemea umri. Akiumia mapema, enameli, lile gamba gumu la nje la jino, ndo inaharibika, unapata madoa au vishimo. Akiumia wakati kichwa kimekaribia kuisha au mzizi umeanza, jino linaweza kujikunja na likashindwa kutoka, au likatokea sehemu siyo yake. Sio kila anayedondoka yatamkuta haya, wengi wanapona vizuri tu, ila kwa kumwangalia kwa macho siku ya ajali huwezi kujua yupi ni yupi.

Ndo maana tunapiga eksirei siku hiyo halafu tunawaita tena na tena hata kama mtoto anakula na kucheza kama kawaida. Jino likigeuka rangi likawa la kijivu usikimbilie kuling'oa, mengine yanakaa hivyohivyo mpaka muda wake, lakini ukiona kijipu kwenye fizi juu yake mlete haraka, usaha ukikaa hapo unaliharibu jino la ukubwani lililo ndani.

Kuna kitu wazazi wengi wanachanganya: jino la utotoni liking'oka lote usilirudishe, unaweza kulisukuma likaumiza linalokuja. La ukubwani ni kinyume kabisa, hilo shika kichwani sio kwenye mzizi, kama limechafuka lisuuze kidogo bila kusugua, lirudishe kwenye tundu lake, ukishindwa litumbukize kwenye maziwa na mje saa hiyohiyo, kila dakika ina maana.

Sasa akidondokea kidevu. Hapa ndo watu wanapitiwa sana kwasababu mtoto anashonwa nyuzi mbili tatu chini ya kidevu na wote mnaangalia kidonda, wakati nguvu ya lile pigo imepanda mpaka kwenye kiungo cha taya mbele ya sikio. Taya la chini linategemea sana sehemu ile kukua, ikivunjika isigundulike upande mmoja unaweza kubaki nyuma, uso ukaenda pembeni, meno ya juu na chini yasikutane, au kiungo kikagandana mtoto akashindwa kufungua mdomo.

Mtoto akishaacha kulia mkalishe akuangalie, mwambie afungue mdomo polepole. Kidevu kikivutwa upande mmoja, au hafungui kama zamani, au analalamika meno hayakutani sawa, au anaumwa karibu na sikio akitafuna, mlete siku hiyohiyo. Na mje na tarehe aliyoumia pamoja na picha yoyote ya simu inayoonyesha meno yake kabla ya ajali, hata ile anacheka kwenye bethidei inatosha.