Hoteli za Msimbazi zitaupa mto uso au mgongo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme machache kuhusu bustani ya jiji inayokusudiwa kujengwa katika bonde la Msimbazi. Kila bustani hiyo inapotajwa, wengi wetu tunawaza migahawa, muziki wa jioni na hoteli za kando ya mto, lakini sijasikia mtu akiuliza kama hoteli hizo zitaupa mto uso au zitaupa mgongo. Swali hilo nilirudi nalo kutoka San Antonio, Texas, nilikokwenda kumtembelea binti yangu na kulala siku nne katika hoteli ya katikati ya mji.

Mto wa San Antonio unapita mjini ukiwa chini ya usawa wa barabara kwa mita sita hivi, na kandokando yake ipo njia ya waenda kwa miguu ambayo wenyewe huiita River Walk. Unaliacha jua la Julai na kelele za magari huko juu, unashuka ngazi za mawe, na kabla hujaikanyaga ngazi ya mwisho kivuli cha miberoshi mikubwa kimeshakupokea. Sehemu kubwa ya njia haina hata uzio wa kumzuia mtu asitumbukie majini (nilimshika mjukuu wangu mkono muda wote). Usiku mmoja tulikaa katika ukumbi wa wazi wa Arneson, ambako watazamaji huketi kwenye ngazi za nyasi ng'ambo hii na jukwaa liko ng'ambo ya pili, hata mashua ya watalii ikipita katikati, wacheza ngoma na abiria hupungiana mikono.

Mahali hapo hapakuanza na starehe. Septemba 1921 mafuriko yaliua makumi ya watu mjini humo, na jibu la kwanza la mji lilikuwa bwawa la Olmos na mfereji wa kuyapitisha maji mengi moja kwa moja yasiingie kwenye kona ya mto iliyo katikati ya maduka. Mchoro wa njia yenyewe ulitolewa na msanifu majengo Robert Hugman mwaka 1929, na ujenzi ulikamilika mwaka 1941. Hata baada ya hapo, majengo mengi yaliendelea kuelekea barabarani, na upande wa mto ukabaki wa milango ya nyuma. Mgahawa wa Casa Rio, uliofunguliwa mwaka 1946, ulikuwa wa kwanza kuweka meza zake kandokando ya maji. Hoteli kubwa zilifuata kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1968, mojawapo ikiwa Palacio del Rio, ambayo vyumba vyake vilitengenezwa kwingine vikiwa na samani zake, kisha vikanyanyuliwa kwa winchi na kupangwa kimoja juu ya kingine. Ina mlango barabarani na mlango mwingine mtoni, na mgeni huvuka jengo kutoka dunia moja hadi nyingine kwa lifti. Wala kazi ya kuyadhibiti maji haikuachwa: mwaka 1997 walimaliza handaki la kupitisha mafuriko chini ya katikati ya mji, na mvua kubwa za Oktoba 1998 zikalijaribu, likafaa.

Hoteli yangu, ambayo sitaitaja, iliniuzia chumba cha "kutazama mto" kwa bei ya juu, na mto niliuona nilipobandika shavu kwenye kioo, nyuma ya paa la maegesho. Juu ya bei hiyo iliongezwa kodi ya malazi inayozidi asilimia 16 na ada ya kuegesha gari. Anayepanga kwenda huko namshauri alale mtaa wa pili au wa tatu kutoka mtoni, ambako bei hupungua na nyimbo za mariachi, wale wanamuziki wa Kimeksiko, hazimfuati kitandani, na bado ni mwendo wa dakika tano tu kuzifikia ngazi za mawe.

Ushauri huo unawezekana kwa sababu moja: njia ile ni ya umma. Hoteli na migahawa inaruhusiwa kuweka meza, lakini mtu aliyelala kwa jamaa yake, asiye na senti ya kununua soda, hupita mbele ya meza hizo bila kuulizwa na mlinzi anakwenda wapi. Sisi tunazijua fukwe zetu za Dar es Salaam ambako mwananchi hulazimika kuzunguka ukuta wa hoteli ndipo ayaone maji.

Kwa hiyo naomba wahusika wa mradi wa Msimbazi, kabla ya kiwanja cha kwanza cha hoteli kutolewa Jangwani au popote bondeni, watuonyeshe kwenye ramani njia ya umma itapita wapi, upana wake ni mita ngapi, na masharti ya ujenzi yataitaka hoteli kufungua mlango upande gani.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam