Sikusema hivyo: barua ya wazi kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Hadithi yako imefika. Shangazi alisomewa, akaomba irudiwe pale "dada mkubwa" anaposema: "Siwezi kutoa pesa kwa mtu ambaye tayari anakufa." Kisha akanyamaza, na unajua shangazi akinyamaza kuna nini.

Nianze na kazi yenyewe, maana ni mimi niliyekufundisha usemi halisi kabla mwalimu wako hajaufikia. Alama za mtajo umeziweka sawa. Shida ni wanaozungumza ndani yake. Ukurasa wa kwanza tu, dada anamwambia mdogo wake: "Kumbuka baba alituacha ukiwa darasa la tatu, mama akatulea kwa kuuza omena Kibuye." Kwani huyo mdogo alikuwa wapi? Hayo unamwambia msomaji, na msomaji anakushika papo hapo. Wagombanishe juu ya koti la baba. Tutajua alikufa, na tutajua nani alilitaka.

Halafu kila mtu anafoka, ananguruma, anatamka kwa uchungu. Andika "akasema" uende zako. Kama maneno hayana uchungu, kitenzi hakitawapa.

Ila pale watu wa boda wanapobishania abiria Kondele, nilicheka peke yangu ndani ya matatu hadi jirani akanitazama. Hakuna anayemaliza sentensi, na bado kila mmoja namjua. Sikio unalo. Sasa mama alikukosea nini?

Umempa "Ewe mwanangu mpendwa." Mama yetu! Unamkumbuka yule mteja aliyeinusa omena, akaigeuzageuza kiganjani, akauliza: "Mama, hii haina mchanga?" Mama hakusema inao wala haina. Alijaza gorogoro, akapangusa juu kwa mkono, akasema: "Kwani ziwa iko na simiti chini?" Yule akacheka, akafungua mkoba. Hapo kuna biashara, kuna jeuri, na mama mzima yupo, pamoja na ngeli zake ambazo hukutakiwa kuzisahihisha. Mwandishi Grace Ogot aliandika riwaya yake Miaha kwa Dholuo, 1983, watu wake wakasema kwa lugha yao wenyewe. Wewe umechagua Kiswahili, sawa, lakini mama alikuwa na Kiswahili chake, na wewe ukamvalisha cha karatasi ya mtihani.

Watu hawajibu walichoulizwa. Hilo nilitaka ulishike kuliko yote. Mtu anaulizwa pesa, anauliza mvua. Anayenyima hasemi nakunyima, hasa kwa ndugu. Kwa hiyo ile sentensi yako haisimami, na hapa naongea kama mwalimu.

Ulipiga usiku, kwa ajili ya mama. Nilikuwa jikoni hapa Nakuru, stima zimepotea, simu nimeibana begani nakoroga uji wa mtoto kwa mshumaa.

"Wanataka pesa ya skani kabla ya asubuhi," ukasema.

"Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Huko kunanyesha?"

"Kidogo."

"Wacha tuangalie mwisho wa mwezi."

"Sawa, sista."

Basi. Nionyeshe ni wapi hapo nilisema mtu anakufa. Sacco ilikuwa imeshakata mshahara, mwanangu mkubwa alikuwa anaingia kidato cha kwanza wiki hiyohiyo, na wewe ulijua, kwa sababu ni wewe uliyenisaidia kutafuta sanduku. Ungesema, "Dada, ni leo au basi." Hukusema. Ulisema sawa. Mtu akikuambia sawa, wewe unafanya nini? Unazima mshumaa unalala. Na nilituma, mwisho wa mwezi, kama nilivyoahidi. Kwamba zilinunua jeneza si mimi niliyepanga.

Na ulikuwa umekunywa chai tu tangu asubuhi, bado nakumbuka. Ni nani mwingine aliyekuuliza usiku ule kama umekula?

Ukiichapisha tena, toa ile sentensi uweke simu nzima, na mvua yake, na "sawa" yako. Usinifokeshe. Wanaosoma waamue wenyewe, siogopi.

Halafu hili la kujengea kaburi mwezi wa nane nimelisikia kwa watu. Mimi ndiye mkubwa wako. Piga simu.