Ukitaka Mjerumani wa starehe, angalia tangi la maji kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeuliza gari gani la Kijerumani la milango miwili anunue kwa bei ya RAV4 ya mtumba.

Mimi nina BMW Z4 ya 2004, silinda sita, lita 2.5, gia za mkono. Niliinunua kwa jamaa wa Mikocheni aliyeniapia haina shida. Siku ya tatu ikachemka Mwenge, foleni imesimama, mvuke unafuka kama mama ntilie kafunua sufuria. Tangi la plastiki la maji ya kupozea injini lilikuwa limepasuka kwenye mshono. Plastiki za injini hizi huchoka kwa joto, na pampu ya maji na thamostati (kidude kinachofungulia maji ya kupozea injini ikipata joto) ndivyo hivyo hivyo. Tenga fedha ubadilishe vyote kwa mkupuo, usingoje kimoja kimoja kama mimi.

Porsche Boxster za kwanza, za 1996 hadi 2004, zinatamanisha zaidi. Lakini ndani ya injini kuna beringi ya shafti ya kati, ile shafti inayosaidia kuzungusha mitambo ya valvu. Ikivunjika, injini nzima kwaheri. Kama muuzaji anasema imeshabadilishwa, akuoneshe risiti. Audi TT nayo, kama injini yake ni ya mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni zipishane, uliza ulibadilishwa lini, maana ukikatika, valvu zinagonga pistoni.

Jumapili alfajiri, Barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu na paa limefunguliwa, huwa naisamehe yote. Mke wangu bado.

Mpenda silinda sita,
Sinza, Dar es Salaam