Wamaya wapo, na bluu yao sio mazingaombwe

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Mimi ni fundi rangi, huu ni mwaka wa 26 nashika brashi, nimepaka misikiti, makanisa, shule, maduka na nyumba za watu kuanzia hapa mjini mpaka Pangani, na gazeti lenu nalisoma kila siku kibarazani hata likiwa la jana. Leo nawaandikia kwa ajili ya ile makala yenu ya Jumapili kuhusu Wamaya, wenyeji wa kusini mwa Mexico na Guatemala, ile yenye picha ya piramidi na kichwa cha habari kwamba taifa lililotoweka liliondoka na siri ya rangi yake ya bluu. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikaisoma kwa sauti mbele ya vijana wangu wa kazi tukisubiri lipu ikauke, na imeniuma, tena imeniuma kwenye mambo mawili. La kwanza, Wamaya hawakutoweka popote. La pili, hiyo rangi sio siri wala mazingaombwe, ni ufundi, na ufundi una wenyewe.

Kwanini fundi wa Tanga anaumizwa na bluu ya Mexico? Niwaambie. Kuna shule moja nilipaka bluu ya bahari nje yote, rangi nilinunua dukani kwa bei ya juu na muuzaji akaniapia kwamba hii haichuji, haipauki, miaka saba. Mwezi wa nane ukuta unaotazama baharini ukawa umepauka kama kanga ya kazi, ukipitisha kiganja unaondoka na unga wa bluu mkononi. Mwalimu mkuu akanipigia simu, nikaenda, nikarudia ukuta mzima kwa hela yangu maana jina ni langu mimi sio la duka. Muulize fundi yeyote wa pwani atakwambia, nyekundu ya udongo haina shida, hiyo ni kutu ya chuma tu jua litaifanya nini, nyeusi ya masizi nayo haina shida, lakini bluu ndo inayotukimbia. Tangu siku hiyo nikawa naulizia bluu isiyokimbia, na binti yangu anayesoma kemia chuo kikuu ndo akanionyesha kwenye simu picha za Bonampak.

Bonampak ni mahali msituni Chiapas, kusini mwa Mexico, kuna jengo la vyumba vitatu ambavyo ndani kuta na dari vimepakwa picha za wafalme, wapiga tarumbeta, vita na mateka, kazi ya miaka ya 790 hivi. Wenyeji Walakandoni, ambao nao ni Wamaya, walikuwa wanapajua, wao ndo waliompeleka mpiga picha Giles Healey mwaka 1946. Sasa fikiria, chokaa ya ukutani, msitu wa mvua, unyevu mwaka mzima kwa zaidi ya miaka 1,100, na bluu ya nyuma ya wale wacheza ngoma bado ipo. Juu yake palikuwa pamejenga utando mweupe wa chokaa iliyoletwa na maji yanayopenya, na waliokuja kunakili picha waliupaka mafuta ya taa ili utando ule upitishe macho waone rangi. Nilivyosikia hilo la mafuta ya taa nilishika kichwa! Lakini bluu ikavumilia hata hilo.

Basi hii bluu ni nini. Ni vitu viwili tu, jani na udongo. Jani ni la mnili, mmea unaotoa rangi ya bluu iitwayo nili, kule wanauita ch'oj kwa Kimaya cha Yucatán, upande wa kusini-mashariki mwa Mexico, na wana aina yao ya Marekani ya kati. Unaloweka majani kwenye maji yanachacha, yale maji yanakuwa ya kijani-njano, halafu unayapiga piga hewa iingie na ukitia chokaa kidogo ile nili inajikusanya inazama chini, bluu. Na hapa wasomaji wajue kitu kimoja kizuri, Wahispania nili wanaiita añil, na neno lao hilo wamelitoa kwa Waarabu kama sisi tulivyotoa letu, kwahiyo tukisema nili na wao wakisema añil tunatamka neno moja. Bibi zetu waliovaa kaniki waliijua hiyo rangi kwa ngozi zao, maana ilikuwa inawachujia mwilini.

Na hapo ndo penye ugumu, nili peke yake inachuja. Ukiianika juani miezi inapauka, na ukiidondoshea asidi ya naitriki inakufa, inageuka njanonjano. Wamaya walichofanya ni kuichukua hiyo nili nyonge wakaichanganya na udongo mmoja mweupe, wenyewe wanauita sak lu'um, maana yake udongo mweupe, wataalamu wanauita paligoskaiti. Huu udongo kwa macho ni kama udongo mwingine wowote mwororo, lakini ukiuangalia kwa hadubini kali ni nyuzinyuzi, na kila uzi una vijitundu virefu ndani kama mzigo wa matete yaliyofungwa pamoja, tundu moja upana wake haufiki hata sehemu moja ya milioni ya milimita. Ndani ya hivyo vijitundu kuna maji. Unasaga udongo na nili kidogo sana, kama asilimia 1 au 2 ya uzito, unatia moto. Sio moto wa tanuri, ni nyuzi 100 mpaka 150 hivi za selisiasi, moto ambao mama yeyote anao jikoni kwake. Maji yanatoka kwenye vijitundu na chembe ya nili, ambayo ni bapa na nyembamba, inaingia pale maji yalipotoka na kushikana na udongo. Wanakemia bado wanabishana kama nili inaingia mpaka ndani kabisa au inaziba mdomoni na kukaa kwenye mifereji ya juu, wabishane tu, ila wote wanakubaliana kwamba baada ya moto vile vitu viwili vimeoana na kutengana tena ni kazi.

Mimi sikuridhika na maneno, nikafanya jaribio langu. Nilichukua bluu ya kufulia, ile bibi zetu walikuwa wanachanganya na chokaa kupaka nyumba sikukuu zikikaribia, nikapaka kwenye kigae, ikakauka, nikadondoshea asidi ya betri tone moja. Bluu ilikufa palepale machoni petu, pakabaki doa jeupe, na ikatoka harufu ya yai viza mpaka kijana wangu mmoja akatoka nje. Binti akanieleza kwamba bluu ile rangi yake inatokana na salfa iliyofungiwa ndani, asidi inavunja ile nyumba yake na salfa inatoka na harufu. Sasa bluu ya Wamaya inawekewa asidi kali ya naitriki maabara, inawekewa magadi makali, inawekewa viyeyushio ambavyo sisi tunasafishia brashi, na inabaki bluu. Mafundi wenzangu wanaosoma hapa wanajua hilo lina maana gani.

Na wazungu hii kitu iliwasumbua. Mwaka 1931 mtaalamu mmoja, Merwin, alieleza hiyo bluu kutoka Hekalu la Mashujaa kule Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya huko Yucatán, akaona hailingani na bluu yoyote anayoijua, mwaka 1942 wataalamu wa rangi Gettens na Stout wakaipa jina bluu ya Maya, wakatafuta shaba hawakuiona, wakatafuta lazuli, lile jiwe la bluu linalosagwa kuwa rangi, hawakuliona, na mpaka mwaka 1966 ndo mwanakemia Van Olphen akaonyesha kwamba ukipika nili na ule udongo unapata rangi yenye ukaidi uleule. Miaka 35! Wakati huohuo kule Ticul, Yucatán, wafinyanzi wa Kimaya walikuwa wanaujua sak lu'um, wanautofautisha na udongo mwingine kwa kuushika na kuuonja, wanautia kwenye vyungu na wanaunywa kama dawa ya tumbo. Dean Arnold, msomi aliyekaa nao kuanzia miaka ya 1960, aliyaandika hayo. Kuna mji unaitwa Sacalum, jina lenyewe ndo sak lu'um, na ndo mojawapo ya sehemu ulikokuwa unachimbwa. Jina la mji limebeba jina la udongo halafu gazeti linaandika siri!

Nisiwe muongo, hii rangi ilitumika pia kwenye mambo ya kutisha. Askofu Diego de Landa, Mhispania wa karne ya 16, ameandika kwamba mtu wa kutolewa kafara alipakwa bluu. Kwenye kisima kitakatifu cha Chichén Itzá, shimo kubwa la maji la asili, kule chini kulikutwa tope la bluu lenye kina cha zaidi ya mita 4, ni rangi iliyochujuka miaka na miaka kutoka kwenye vitu na watu waliotupwa humo. Kuna bakuli lililoopolewa humo mwaka 1904, likakaa kabatini Makumbusho ya Field kule Chicago, na mwaka 2008 akina Arnold wakatangaza kwamba ndani ya ubani uliogandia kwenye lile bakuli kuna chembe za nili na za paligoskaiti pamoja. Maoni yao ni kwamba pale kisimani rangi ilikuwa inapikwa kwenye moto wa ubani wenyewe, jani la kuleta nafuu, udongo wa kuleta nafuu na moshi, vyote kwa ajili ya Chaak, mungu wao wa mvua. Ule ubani wao ni kopali, utomvu wa mti uliogandamana. Wazee wa pwani mtakumbuka sandarusi yetu, ile iliyokuwa inachimbwa na kusafirishwa kupitia Zanzibar kwenda kutengenezewa vanishi, wanunuzi waliiita kopali kwa neno lilelile lililotoka Mexico.

Nyekundu yao nayo ina habari yake ila sitaki kurefusha. Mbali na ile ya udongo walikuwa na sinabari, jiwe la zebaki na salfa, ndo lililofunika mifupa ya yule mama wa kaburi la Palenque, mji mwingine wa kale wa Wamaya, lililofunguliwa mwaka 1994 ambaye anaitwa Malkia Mwekundu. Mwaka 2020 wachunguzi walikuta zebaki nyingi kwenye matope ya mabwawa ya kati ya mji wa Tikal na wanaona imetokana na hiyo rangi kusombwa na mvua toka ukutani. Hilo mafundi tulitafakari, tukikumbuka madini ya risasi kwenye rangi zetu.

Narudi kwenye kutoweka. Mhariri, miji mingi ya Wamaya ilihamwa kuanzia miaka ya 800, kweli, lakini watu walihamia miji mingine, na wajukuu zao ni mamilioni leo, Guatemala peke yake inatambua lugha 22 za Kimaya. Rigoberta Menchú aliyepewa Nobeli ya amani mwaka 1992 ni Mmaya wa kabila la K'iche'. Na kama kuna maarifa yaliyokatika, yalikatwa na mtu. Mwaka 1562 huyohuyo Landa alichoma moto vitabu vyao pale Maní, wenyewe wakilia, na vya kale vilivyobaki duniani leo ni vinne tu. Sisemi mapishi ya bluu yalikuwemo mle, ila kitabu kilichochomwa usiniambie kimepotea. Hata baada ya hapo mafundi wa kienyeji waliendelea kuipaka bluu hiyohiyo kwenye kuta za nyumba za watawa Mexico katika karne ya 16, wakati wachoraji wa Ulaya wanasubiri bluu ya jiwe la lazuli kutoka milima ya Afghanistan kwa bei ya dhahabu. Na miaka ya karibuni mfinyanzi Luis May Ku wa Dzan, Yucatán, Mmaya mwenyewe, ameutafuta ch'oj, akausaga na udongo wa kwao akaipika tena. Mngempa yeye ukurasa ule, tena na picha ya mikono yake, badala ya piramidi.

Ombi langu kwenu ni dogo, msahihishe. Andikeni kwamba Wamaya wapo na kwamba bluu ile ni nili na paligoskaiti na moto mdogo.

Na ombi la pili ni kwa wasomaji. Binti ameniambia udongo wenye undugu na ule wa Wamaya, unaitwa sepiolaiti, ulikuwa unachimbwa Sinya kule Longido mpakani na Amboseli, ndo walikuwa wanachongea viko vya kuvutia tumbaku. Vijitundu vyake ni vipana zaidi kidogo na bluu yake haiwi kaidi kama ile ya Yucatán, lakini inashika. Mnili upo hapa hapa, nimeshauona unaota njiani. Kama kuna msomaji wa upande wa Sinya mwenye hata kipande cha kiko kilichovunjika au bonge la udongo ule mweupe mwepesi, auache ofisi yenu ya Arusha au aupakie kwenye basi la Tanga, nauli ya mzigo nalipa mimi. Ukuta wa kujaribia ninao, unatazama baharini.

Fundi rangi,
Tanga